Fundi Pancha na Sufuria ya Presha

9 Februari

Shemeji yangu fundi,

Nakusalimu kwanza, ili nikianza kukusema usije ukadai sikukusalimu. Huku mimi ni mzima, isipokuwa miguu inayolalamika kwa kusimama kutwa nzima kwenye meza ya kukatia. Dukani tumepata mteja anayetaka mapazia ya rangi ya gari lake. Kila akija, gari limezidi kupauka, na kitambaa alichokichagua mara iliyopita anakikataa. Nimemshauri alete gari ndani tulivishe lenyewe. Wanangu hawajambo huko waliko na wake zao. Wanaandika wakinikumbuka, na si watu wa kumbukumbu sana.

Sasa lililonishikisha kalamu. Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu wewe ni "ndiyo shemeji, sawa shemeji," na kila nikiuliza mtoto amekula nini, chaji inakuishia. Barua haina chaji. Hawa madereva wa malori unaowazibia pancha wanapita mbele ya duka letu kila wiki, kwa hiyo usiniambie hukupata wa kumpa.

Ni Kasuku. Mtoto wa miaka minane, tuliyempa jina hilo kwa sababu hata akipiga mswaki alikuwa anaongea. Tangu tumzike mama yake, mdogo wangu, na tangu ile homa ya matumbo iliyomwangusha baada ya msiba, amekonda mpaka soksi hazimkai, na hasemi. Nilipowaaga alinijibu kwa kichwa. Mimi na wewe tulikubaliana pale mezani kwako, na narudia hapa lisije likapotea: shule zikifungwa mwezi wa Juni nakuja. Nikimkuta ana mwili na ana sauti, atakaa na baba yake, nami nitafunga mdomo. Nikimkuta vilevile, nabeba nguo zake na anakuja kuishi na mimi. Wewe nawe ulikubali kwa kichwa.

Daktari alisema supu ya mifupa, kwa kuwa tumbo lake bado halipokei vizito. Wewe unampa chai na mkate. Usibishe, dereva mmoja ameshanisimulia. Juu ya kabati la jikoni kuna sufuria ya presha ya marehemu. Ishushe. Mchinjaji akupe mifupa ya goti na ya mguu, aipasue. Iloweke kwenye maji baridi, kisha ichemshe mara moja bila mfuniko, na yale maji ya kwanza yenye povu la kijivu uyamwage. Usiyaonee huruma. Weka maji mapya, yasizidi theluthi mbili ya sufuria. Tia kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, na kijiko cha siki ili mfupa uachie ulichoficha. Funga. Kile kidude cha juu kikianza kupiga mluzi, punguza moto, uiache kwa muda wa mtu kufua nguo na kuzianika. Zima. Usifungue mpaka presha ishuke yenyewe. Chumvi mwisho. Mdogo wangu alikuwa akifanya hivyo, nami ndiye niliyemfundisha, kwa hiyo usilete ufundi wako.

Nasubiri.

Shemeji yako mkubwa


27 Februari

Shemeji, mkata mapazia na mkata kauli,

Salamu zako zimefika zimetangulia fimbo, kama ulivyoahidi. Sisi ni wazima. Gereji kazi zipo. Barabara mpya wanayoijenga imejaa misumari, Mungu awazidishie wajenzi wake. Kompresa yetu imezeeka, siku hizi inakohoa kwanza ndipo itoe upepo. Kasuku anakwenda shule na kurudi. Daktari ameridhika na tumbo lake, ila mwili bado.

Sufuria nimeishusha. Cheka kwanza mpaka umalize, ndipo uendelee kusoma: naiogopa. Utasema mtu anayejaza upepo matairi ya malori anaogopaje chombo cha jikoni. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Wewe hujaona ringi ya lori ikiruka. Mimi nimeiona, na bati la gereji bado lina tundu, mvua ikinyesha tunaweka ndoo chini yake. Ninyi mnaona sufuria, mimi naona upepo uliofungiwa na hasira zake. Kwa hiyo ilikaa mezani siku kadhaa. Mimi naitazama, Kasuku anaitazama, nayo inatutazama.

Mwishowe niliikagua kitaalamu. Kulikuwa na mvujo kidogo kwenye mpira wa mfuniko. Nimeurekebisha. Kisha nilifuata maagizo yako yote, hata yale maji ya kwanza niliyamwaga bila huruma. Kuhusu supu yenyewe sina mengi ya kusema, ilikuwa ya kwanza. Kasuku alionja kijiko kimoja. Habari njema ni kwamba amesema. Sentensi nzima, shemeji, baada ya ukimya wote ule. Alichosema tutaongea siku nyingine.

Shemeji yako mtiifu


8 Machi

Shemeji mtiifu,

Ni mzima, miguu ni ileile, mwenye gari ameamua kulipaka gari rangi upya na kazi yetu imeanza upya pamoja nalo. Salamu zimekwisha.

Umeurekebisha na nini?

Nimesoma barua yako nikiwa nakata, nikaweka mkasi chini nikaisoma tena. Ina matundu kuliko hilo bati lenu. "Sina mengi ya kusema." Wewe, ambaye ukielezea pancha moja chai inatupoa! Mtoto alionja kijiko kimoja, kwa nini kimoja? Alisema nini? Mtoto hajafungua kinywa tangu msiba, leo kafungua, na baba yake ananiambia tutaongea siku nyingine. Shemeji, siku nyingine ndiyo leo.

Dereva wa lori la saruji anakuletea mpira mpya wa mfuniko. Nimeutafuta duka zima la vyombo, muuzaji akaniuliza sufuria ni ya mwaka gani, nikamwambia ni ya tangu mdogo wangu hajaolewa na mtu mwoga. Utoe huo "uliorekebishwa" na uweke huu. Uupake mafuta kidogo ya kupikia. Ya kupikia, shemeji, si ya breki.

Kwa upande wangu chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Kitanda kipo, godoro ni jipya, dirisha linapata jua la asubuhi. Shule iko ng'ambo ya barabara, na nimeshaongea na mwalimu mkuu, nafasi ipo. Sikusudii kukutisha. Nakueleza tu yaliyopo.

Mjibu mtu akikuuliza.

Shemeji mkubwa


2 Aprili

Shemeji yangu,

Samahani kwa kuchelewa. Dereva wa saruji alikata kona ya mbali kwa sababu daraja lilifungwa, na mimi nami nilikuwa nasubiri nipate habari za kujivunia. Gereji tumezima kompresa ikafanyiwa matengenezo. Siku hizo nilijaza matairi kwa pampu ya mkono, na mabega yangu yanakusalimu kipekee.

Mpira umefika na umekaa sawasawa. Nikapika mara ya pili. Safari hii nilitoa jiko nje uani, maana nyumba ni ya kupanga na paa si langu. Ilipopiga mluzi nilisogea mahali penye usalama. Ilinyamaza, nikafungua, harufu ikatoka nzuri mpaka jirani akachungulia ukutani. Kasuku alikuwa amelala mchana ule, nikaichuja nikaiweka kwenye friji ili anywe kesho yake.

Asubuhi nafungua friji, shemeji, supu imeganda! Inatikisika bakuli zima. Nikajua kimeyeyuka kitu, ama mpira wako mpya, ama kitu kilichobaki tangu mara ya kwanza. Mimi si wa kucheza na tumbo la mtoto aliyetoka kwenye homa. Nikaimwaga yote kwa mbwa wa jirani. Mbwa wale sasa wananipokea nikirudi kazini. Niambie, huo mpira umeununua wapi?

Lile ulilouliza, Kasuku amesema ataandika mwenyewe. Nimemwachia nafasi hapa chini. Sitasoma atakachoandika wala sitarekebisha.

*

Mama Mkubwa shikamoo. Mimi ni mzima. Baba aliweka mfuniko kwenye beseni la maji akaangalia mapovu kama tyubu. Halafu akaziba mpira kwa kiraka cha pancha na gundi ya pancha. Akaukandamiza na nyundo. Nilipoonja nilimwambia Baba supu hii inanuka kazini kwako. Baba akacheka sana halafu akatoka nje akakaa nje muda mrefu. Sufuria ikipiga mluzi Baba anajificha nyuma ya matairi mabovu. Mimi sijifichi. Mama alikuwa hajifichi. Mimi Kasuku.


11 Aprili

Wewe mtu,

Sikusalimu. Salamu ni za Kasuku peke yake: marahaba mwanangu, mwandiko wako umepinda lakini ukweli wako umenyooka.

Kiraka cha pancha! Nimecheka mpaka nikakata pazia la mteja upande usio wake. Mwenye duka akaja kuniuliza kuna nini, nikamsomea, naye akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa akishika mbavu. Sasa mtaa mzima unakujua bila kukuona. Nyundo nayo ilikuwa ya nini, shemeji? Ulitaka supu ipite kwenye barabara ya mawe?

Nikaacha kucheka nilipofika kwenye ile ya pili. Umemwaga supu! Supu ikiganda hivyo ndiyo imekubali. Ule utelezi ni nguvu ya mfupa iliyotoka ikaingia kwenye maji. Ukiipasha moto inayeyuka inakuwa supu tena. Watu wanapika siku nzima wakiombea igande, wewe imegandia mikononi mwako mara ya kwanza unaitoa sadaka kwa mbwa. Wale mbwa wa jirani wanenepe, mtoto wetu abaki na soksi zinazomshuka? Utando wa mafuta juu ndio wa kuondoa, kwa kijiko, taratibu. Kingine chote kikae.

Basi, sauti imerudi, nimeisikia kwenye karatasi na nimefurahi kuliko ninavyoweza kukuandikia. Lakini makubaliano yetu yalikuwa sauti na mwili. Mapazia ya chumba cha nyuma nimemshonea mwenyewe, ya rangi ya maji ya ndimu, na nimemwekea kimeza cha kuandikia karibu na dirisha. Mwalimu mkuu ameniuliza jina lake kamili, nikampa. Nimemnunulia pia kandambili za ndani, nimekisia mguu. Juni si mbali.

Mama Mkubwa wake


20 Aprili

Shemeji yangu mpendwa,

Habari za hapa ni nzuri mpaka naogopa kuziandika. Kompresa imepona. Jirani amehamisha mbwa wake, amesema wamekuwa wachaguzi wa chakula.

Supu imetoka. Nimefuata kila neno lako na sikutia ufundi hata wa msumari. Iliganda, nikaondoa utando, nikaipasha, nikatia chumvi mwisho. Kasuku alikunywa bakuli akaniangalia, akaleta bakuli tena. Alikuwa anaongea huku anakunywa, shemeji, mdomo umejaa, kuhusu mwenzake shuleni aliyeleta kobe kwenye mfuko wa madaftari. Nilisimama na upawa mkononi nikasahau kukaa. Tunapika sasa kila Jumamosi na kila katikati ya wiki. Yeye ndiye anayesimamia mluzi.

Nina swali moja. Nimelifikiria kwa utani, nawe ukitaka nijibu kwa utani. Kitanda cha chumba cha nyuma ulikinunua lini? Dereva wa saruji, ambaye hana kifua cha siri, aliniambia alikusaidia kukipandisha ngazi wiki ileile uliyorudi kutoka mazishini. Kumbe sisi huku tunahangaika na mifupa tuifikie Juni, na Juni yako ilikuwa imeshatandikwa shuka tangu mwanzo.

Sikulaumu. Nauliza tu. Kitanda kile ni cha Kasuku asikonde kwangu, au ni chako wewe, usiwe peke yako kwenye nyumba ile?

Shemeji yako


24 Mei

Shemeji,

Madereva wamekuja na kurudi, na kila mmoja nikimtazama mkononi ananiambia, "Leo sina kitu chako, fundi." Yule wa saruji anasema alikuona dukani, ukampungia, ukaendelea kukata. Kwa hiyo u mzima, na umekasirika. Moja limenifurahisha na lingine nimelistahili.

Nilikwaruza mahali pasipo pangu. Nisamehe kwa jinsi nilivyouliza. Kuuliza kwenyewe sikufuti, maana nawe ungenijua ninakudanganya.

Nikupe habari hata kama hujibu. Sketi ya shule ya Kasuku imehamishwa kishikizo, kiuno kimejaa. Soksi zimekaa. Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita shuleni, nikaenda na mafuta mikononi, roho iko mkononi. Akaniambia kwa ukali kwamba mtoto anaongea darasani bila kupumzika na anawasumbua wenzake. Shemeji, nilimshika mwalimu mkono nikautikisa nikamshukuru. Alinitazama kama mtu wa kupelekwa hospitali. Kasuku aliniona dirishani akajificha chini ya dawati kwa aibu.

Njoo Juni. Hata ukija na hasira, njoo.

Shemeji yako


30 Mei

Shemeji,

Ni mzima. Gari la mteja limekuwa jekundu, na mapazia yametundikwa, na mke wake ameyakataa.

Sikuwa na hasira na wewe. Nilikaa kimya kwa sababu ulisema kweli, na mimi kusemwa kweli na mtu aliyepiga mpira wa sufuria nyundo kumenishinda kumeza. Kitanda nilikinunua nikiwa bado na nguo za msiba. Nilishuka kwenye basi nikapita kwa seremala kabla hata ya kufika nyumbani. Sikutaka kuingia ndani nikakuta kimya kilekile. Ujane mimi naujua kabla yako, na wanangu wakaondoka, na mdogo wangu ndiye alikuwa ananiandikia kila mwezi. Sasa haandiki. Umetosheka?

Lakini usidhani umenishinda. Kumpenda mtoto kwa sababu yangu mwenyewe hakumfanyi awe ameshiba kwako. Mimi macho yangu si karatasi. Unaweza kuwa umemjaza soksi pamba. Shule zikifungwa tu, nakuja, na nakuja na sanduku tupu. Litajaa au halitajaa, tutaona mimi na wewe.

Usimpeleke mtoto saluni kwa ajili yangu. Nataka kumwona alivyo.

Shemeji mkubwa


21 Juni

Shemeji yangu,

Nimefika salama. Basi liliharibika tairi njiani, nikashuka nikawaelekeza vijana jinsi ya kulaza jeki, mpaka dereva akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nina shemeji.

Nilikuja na sanduku tupu, ukaliona. Nimerudi nalo tupu, ukaliona pia. Hukuuliza kwa nini, ulinishika mkono mlangoni, na mimi nikajifanya basi linaniacha. Sasa niko mezani kwangu, naweza kusema.

Kasuku ni yule wetu. Usiku wa kwanza aliongea mpaka nikamwomba apumzike, ndotoni akaendelea. Ana mashavu. Nilipombeba mgongo wangu ulilalamika na mimi nikaufurahia ulalamikaji wake. Jikoni kwako nilisimama nikatazama mnavyopika, yeye juu ya kigoda anakuamrisha, "Baba bado, presha haijashuka, toa mkono," na wewe unatoa mkono. Kwa hilo peke yake nilikuwa nimeshindwa makubaliano. Lakini nikuambie ukweli wote: hata hapo roho yangu mbaya ilikuwa bado inatafuta sababu. Nilikuwa nimeshamwambia kuna chumba chenye pazia la ndimu, naye macho yakamwaka.

Sababu nikaiona asubuhi ya kuondoka. Ulitenga mabakuli matatu. Ulipotoka nje kuongea na mtu wa lori, nilichota kijiko kwenye bakuli lako, nione kama umejipendelea mafuta. Maji ya moto, shemeji. Maji ya moto na chumvi, na majani ya giligilani yanaelea juu yadanganye macho. Nikabaki na kijiko mdomoni. Kasuku akaniinamia akaninong'oneza, "Mama Mkubwa, usimwambie. Anadhani sijui."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu supu ilipoanza kuwa nzuri. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hawezi kuinywa. Lakini anakaa na mimi mpaka nimalize." Halafu akaniuliza, bila kulia, kama mtu anayeuliza bei, "Nikija kwako, atakaa na nani?"

Nilikuwa nimekuja kumpima mtoto. Sikukutazama wewe hata mara moja. Shati lako la kazini limekuwa kubwa, mkanda umeutoboa tundu jipya kwa msumari, nami nikawa nakutania uoga wako wa mluzi. Mtoto yuko mahali pake. Anayehitaji kunenepeshwa katika nyumba hiyo siye yeye.

Nimemsaliti Kasuku kwa kukuandikia haya, mwombe anisamehe. Likizo haijaisha. Njooni wote wawili mkae hapa mpaka shule zifunguliwe. Yeye ana kitanda, wewe una kochi, na kochi hilo nalijua, litakuuma mgongo, na hujaambiwa ulalamike. Ila kabla ya safari nataka kitu kimoja. Weka supu kwenye bakuli lako. Usinidanganye, nina mtu wangu hapo ndani.

Dada yako


5 Julai

Dada,

Umeniita kaka kwa kujiita dada, nami napokea. Huku tu wazima. Gereji nimeomba ruhusa, tunakuja Ijumaa na lori la saruji, Kasuku ameshafunga mfuko wake na kuufungua na kuufunga tena. Jiandae kuchoka masikio.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya tairi. Sikujua kwamba anajua. Nilikuwa nikijiona mjanja na majani yangu ya giligilani.

Sikukusudia kujinyima. Ile Jumamosi supu ilipotoka vizuri nilionja kijiko kimoja kabla ya kumpa, nikajua ni ileile. Ni yake kabisa. Ulinifundisha vizuri mno, dada. Nikimpikia mtoto naweza, mikono inafanya. Kuitia kinywani mwangu ndiko kulikonishinda, kwa sababu nikiimeza inakwisha, na nikigeuka yeye hayupo jikoni. Basi nikawa nakaa na maji yangu.

Jumamosi hii tumepika. Kasuku alichukua bakuli langu kabla sijalifikia, akapanda kigoda, akalijaza mwenyewe kwa upawa mpaka ukingoni, akaliweka mbele yangu bila kumwaga. Akakaa ng'ambo ya meza. Lake lilikuwa limejaa na hakuligusa. Alinitazama tu, mikono iko chini ya meza.

Nilichukua kijiko cha kwanza nikakaa nacho mdomoni. Nililia, dada, sikufichi, nililia mbele ya mtoto, machozi yanashuka mpaka kidevuni. Hakushtuka. Aliniuliza, "Ni ya Mama?"

Nikamwambia ni ya Mama.

Akavuta bakuli lake, akachota, akameza. Akasema, "Basi tunywe kabla haijapoa."

Tukanywa yote.

Kaka yako